Heleboro: kutoka mbegu hadi ua la kwanza (uzi mrefu, makosa yangu yote yamo)

Jembe Butu

Wakuu, habari za bustani.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira kidogo. Mwaka jana nilipata mbegu 40 za heleboro, zile za Helleborus × hybridus ambazo Wazungu huziita waridi la Kwaresima kwa sababu huchanua karibu na msimu huo. Nikasoma mahali kwamba mbegu zake "zinataka baridi". Mimi nikishasikia neno moja sisubiri la pili. Nikazichanganya na mchanga mbichi, nikazifunga kwenye mfuko, nikazitia kwenye friji siku ileile. Miezi mitatu zikakaa pale pembeni ya maziwa, kila mtu nyumbani ananiuliza mchanga wa nini.

Nikazitoa, nikazipanda kwenye trei, nikawa namwagilia. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa nne uzalendo ukanishinda, nikachimbua. Mbegu zipo vilevile, nyeusi, ngumu, kama nimezifukia jana. Jana nimebeba trei nzima nikaimwaga nyuma ya ukuta, chini ya mti.

Wenye uzoefu, nilikosea wapi? Na ni kweli kwamba ua la kwanza hungojewa hadi mwaka wa tatu?

Msomaji Kimya

Naweka kambi hapa. Na mimi nina pakiti ndani ya droo tangu mwaka juzi.

Bi Kitalu

Pole mwanangu. Kuhusu baridi hukudanganywa, ila ulianzia mwisho.

Mbegu ya heleboro ikidondoka kwenye ganda lake ina sura ya kukomaa, lakini ndani bado. Kiinitete chake ni kidogo mno, kinukta tu kimezungukwa na chakula. Kinachohitaji kwanza ni joto na unyevu ili kikue kikiwa humohumo ndani ya mbegu: nyuzi 20 hivi, kwa wiki sita mpaka kumi na mbili. Kikishakua, ndipo baridi ya nyuzi 4 hadi 10 inapomwambia mzizi utoke. Jani huja baadaye kabisa.

Uangalie mmea wenyewe unavyofanya porini. Maganda yanapasuka mwishoni mwa machipuko au kiangazi kinapoanza. Mbegu inalala chini ya majani makavu kiangazi chote, udongo una joto. Hali ya hewa ikipoa, mzizi unashuka. Baridi ikielekea kwisha, miche inatokeza. Wewe mbegu zako uliziruzuku baridi kabla hazijaona kiangazi, na friji yako ilifanya kazi bure miezi mitatu.

Sasa nijibu hili: hiyo miezi minne ulipokuwa ukimwagilia, trei ilikuwa kwenye joto?

Jembe Butu

Ndiyo mama, ilikuwa juani asubuhi, kivulini mchana.

Bi Kitalu

Basi bila kujua umezipa kiangazi chao. Zilikuwa zimebakiza baridi tu. Nenda nyuma ya ukuta kakusanye udongo wako.

Jembe Butu

Mama, nimekwenda. Umeshachanganyika na majani na mvua imenyesha. Naona mbegu tatu nne tu, nyingine sizioni. Nimeziacha.

Mzee wa Vyungu

Ziache kweli, na usipite hapo na jembe.

Niongeze kitu ambacho wengi hawaambiwi: shida kubwa zaidi ya mpangilio ni ukavu. Mbegu ya heleboro haipendi kuwekwa kavu. Ikitoka kwenye ganda ikapandwa siku hiyohiyo, kwa kawaida inaota majira ya baridi yanayofuata. Ikikaushwa ikawekwa kwenye bahasha miezi kadhaa, inaingia kwenye usingizi mzito. Nyingine zinaota baada ya mwaka, nyingine baada ya miwili, nyingine ndiyo basi tena. Ndiyo maana pakiti nyingi zinawavunja watu moyo. Mbegu inaweza kuwa nzima kabisa, ila imeshalala fofofo.

Msomaji Kimya, ya kwako ya mwaka juzi ndani ya droo, sina la kukuambia. Iloweke usiku mmoja, ipande, ianze na joto kisha baridi, na trei usiitupe kabla ya miaka miwili kupita.

Msomaji Kimya

Duh. Asante mzee.

Jembe Butu

Sasa kama nataka kuanza upya na mbegu mbichi, nitajuaje ganda liko tayari? Rafiki yangu ana mimea mikubwa, kaniruhusu nichukue.

Mzee wa Vyungu

Kwanza ujue unachokitazama. Ule "ua" wa heleboro unaokaa wiki na wiki si petali, ni sepali, yaani vile vijani vinavyofunika ua likiwa bado tumba. Petali halisi zimegeuka kuwa vijipembe vidogo vya nekta, vimejipanga duara kuzunguka stameni, vile vijiti vya chavua. Chavua ikishamwagika, vijipembe na stameni vinadondoka, lakini zile sepali zinabaki, zinageuka kijani na kuendelea kutengeneza chakula kama jani. Katikati unaona maganda yamesimama wima, yanavimba taratibu.

Yakiwa ya kijani na magumu, muda bado. Yakianza kuwa ya manjano au kahawia na kulegea ukiyabonyeza, kaa macho. Yanapasukia kwa juu, na ndani ya siku chache mbegu zote ziko chini. Dawa yake ni kufunga kifuko cha kitambaa chepesi kwenye ua mapema, kabla hujaona dalili. Ganda likipasuka, mbegu zinaingia kifukoni.

Usipofunga utashindana na sisimizi. Mbegu mbichi ina kijiukingo cheupe chenye mafuta ubavuni, na sisimizi wanakipenda. Wanabeba mbegu, wanakula kile kipande cheupe, mbegu yenyewe wanaiacha walikofikia. Ukiona mche wa heleboro umeota mahali ambapo hukupanda, umepandiwa.

Na vaa glavu. Utomvu wa mmea huu unawasha, na ukipukuchua mbegu nyingi kwa mikono mitupu vidole vitababuka.

Tabibu wa Mtaani

Wakuu samahani nje ya mada kidogo. Nasikia mizizi ya heleboro ni dawa tangu enzi za Wagiriki. Mwenye kujua inachemshwaje?

Bi Kitalu

Haichemshwi. Mmea wote ni sumu, kuanzia mzizi hadi mbegu, na sumu yake inagusa moyo. Wagiriki wa kale waliutumia kusafisha tumbo na kutibu wenda wazimu. Mji wa Antikira huko Ugiriki ulipata umaarufu kwa heleboro yake. Waliokufa kwa tiba hiyo hawakuandika ushuhuda. Wenye watoto wadogo na mbwa wanaotafuna kila kitu, mkae na hilo akilini wakati wa kuchagua pa kupanda.

Tabibu wa Mtaani

Nimekuelewa bibi. Nafuta swali langu.

Jembe Butu

MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, baridi inaelekea kumalizika na nina habari mbili.

Ya kwanza: zile mbegu mbichi za kiangazi (nilizipanda siku ileile, mbolea ya majani na kokoto ndogo, nikafunika kwa tabaka jembamba la changarawe, nikaacha nje chini ya kivuli na waya juu kuzuia panya) zimeanza kuchomoza. Nimehesabu 52 asubuhi ya leo. Shina limejikunja kama kichwa cha ndoana, kisha linanyooka, vijani viwili vya duara vinafunguka.

Ya pili: nimekwenda nyuma ya ukuta. Kuna miche 11. Kumi na moja! Chini ya mti, katikati ya majani makavu, bila mtu kuigusa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu.

Msomaji Kimya

Hiyo ya ukutani imenifurahisha kuliko hiyo 52.

Bi Kitalu

Nilikwambia. Sasa usiifurahie sana ukaihamisha leo. Vile vijani viwili vya kwanza ni vya mbegu tu. Subiri jani halisi la kwanza, utalitambua kwa sababu limegawanyika mara tatu. Hapo ndipo mche una nguvu ya kuvumilia kusumbuliwa, na mizizi bado haijafungamana na ya jirani.

Ukihamisha, shika jani, usishike shina. Tumia chungu chenye kina kuliko upana, maana heleboro hupeleka mizizi chini haraka. Kwenye trei ya kina kifupi inagonga sakafu na kuanza kuzunguka. Usizike kitovu cha mche, pale majani yanapotokea juu ya mizizi, kiwe usawa wa udongo. Ukikizika sana, huoza ukiwa mdogo na hukataa kuchanua ukiwa mkubwa.

Jembe Butu

Na hii 11 ya ukutani niihamishe pia?

Bi Kitalu

Hapo panaonekana panaifaa kuliko mikono yako. Iache.

Mzee wa Vyungu

😂😂 Mkuu, umeambiwa ukweli.

Bint Maua

Naomba kuuliza kwa sisi tunaoishi kwenye joto mwaka mzima. Nikitumia friji kwa mpangilio huu sahihi, si nitapata maua?

Mzee wa Vyungu

Dada, miche utapata. Joto halafu friji, mbegu haijui kama baridi imetoka mbinguni au kwenye umeme. Shida inakuja baadaye. Heleboro asili yake ni misitu na milima ya Ulaya na Asia ya magharibi, hasa nchi za Balkani, na aina moja tu imejitenga huko China. Ni mmea uliozoea majira ya baridi kila mwaka. Ndiyo saa yake ya kupangia maua. Kuna watu huviweka vyungu sehemu za miinuko yenye baridi, lakini kwa joto la mfululizo mimi nisingekushauri uteseke nao miaka mitatu.

Jembe Butu

MREJESHO WA PILI

Mwaka wa kwanza umekwisha. Kati ya ile 52 nimebaki na 38. Koa walifanya karamu usiku mmoja wa mvua, miche sita ikaliwa hadi shina. Minane niliiua mwenyewe: sahani chini ya vyungu, maji yakatuama, mizizi ikageuka uji. Heleboro inapenda unyevu ila haipendi kusimama majini, nimejifunza kwa gharama ya minane.

Swali: baadhi ya miche vikonyo vya majani vina rangi ya zambarau iliyokoza, mingine ni kijani kitupu. Ina maana yoyote?

Chavua

Ina maana, ingawa si hati ya kiapo. Rangi ya zambarau kwenye vikonyo vya mche mara nyingi huashiria ua la rangi nzito. Kijani kitupu mara nyingi huishia kwenye nyeupe, manjano au kijani. Weka alama, uje uhakiki.

Lakini ufahamu kwamba mbegu za × hybridus hazirudishi mama yake. Hilo jina linabeba mchanganyiko wa aina nyingi zilizopandishana vizazi na vizazi. Chukua mbegu kwenye ua jeusi, utapata zambarau, waridi iliyochuja, na mengine ya rangi ya udongo ambayo hakuna anayeyataka. Mtu akikuuzia mbegu kwa picha ya ua moja na kukuahidi lilelile, anauza picha.

Aina za porini ni tofauti. Helleborus foetidus au argutifolius, zikiwa mbali na jamaa zake, miche inafanana na mzazi, tena mara nyingi inachanua mwaka wa pili. Helleborus niger (niger ni mizizi yake myeusi, ua lenyewe ni jeupe) huchukua kama miaka mitatu. Na kuna machotara kama × ericsmithii, maganda yanavimba lakini ndani karibu kila mara ni hewa. Usipoteze vifuko vyako hapo.

Jembe Butu

Na ukitaka kuongoza rangi wewe mwenyewe, inawezekana?

Chavua

Hapo umegusa penyewe. Ua la heleboro linaweza kujichavusha, lakini sehemu ya kike huwa tayari kabla stameni zake hazijamwaga chavua. Kuna upenyo wa siku chache, na huo ndio wako.

Chagua tumba linalokaribia kufunguka, ambalo nyuki bambi hajaingia. Lifungue taratibu, kata stameni zote kwa kimkasi kidogo. Chukua chavua kutoka ua la baba unayemtaka, ipake kwa brashi laini kwenye ncha za pistili, ile sehemu ya kike. Rudia kesho na keshokutwa. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili usisahau, maana utasahau. Mimi nina daftari la miaka na bado kuna machotara ambayo siwezi kuapa baba ni nani.

Wenzetu wa zamani walifanya hivyohivyo. Maua mengi yenye sepali nyingi mnayoyaona leo, yale yaliyojaa kama sketi, yana damu ya Helleborus torquatus mbili alizozikuta Elizabeth Strangman, mkuza maua wa Uingereza, huko Montenegro mwaka 1971. Mimea miwili tu kutoka mlimani. Akazipa majina Dido na Aeneas, na wafugaji wa maua wakaanza kupandisha.

Msomaji Kimya

Uzi huu unanitoa machozi na sina hata mche mmoja.

Jembe Butu

MREJESHO WA TATU, wa dharura

Mwaka wa pili, mimea ina majani ya kutosha. Lakini mmoja una michirizi myeusi kwenye mishipa ya majani, na majani mapya yanatoka yamekunjamana. Mingine miwili ina mabaka ya kahawia ya duara. Ni ugonjwa mmoja?

Mzee wa Vyungu

Si mmoja, na tofauti yake ni kubwa.

Mabaka ya duara ni ukungu wa majani. Kata majani yote yenye mabaka, yatie kwenye takataka na si kwenye mboji, acha hewa ipite kati ya mimea. Itapona.

Michirizi myeusi inayofuata mishipa na majani kudumaa, hiyo wakulima wanaiita kifo cheusi. Inahusishwa na virusi, na vidukari ndio wanaoshukiwa kuvisambaza kwa kufyonza mmea mmoja kisha mwingine. Haina dawa. Ng'oa leo, na mizizi yake, usiiache mpaka kesho uone itakavyokuwa. Kisha geuza majani ya mimea iliyobaki utazame chini yake kama kuna vidukari.

Jembe Butu

Nimeng'oa. Ulikuwa ule mkubwa kuliko wote, wenye vikonyo vya zambarau. Sitaki kuongea.

Bi Kitalu

Pole mwanangu.

Bi Kitalu

Ukishapoa: baridi hii ikianza, kata majani ya zamani ya × hybridus kabla matumba hayajanyanyuka. Unapunguza ukungu, na maua yanaonekana. Zile zenye mashina marefu kama foetidus usiziguse, kwa sababu ua lao hutokea kwenye ncha ya shina hilohilo la mwaka uliopita. Ukilikata umekata ua. Shina hukatwa baada ya kuzaa mbegu.

Jembe Butu

MREJESHO WA NNE

Wakuu.

Majira ya tatu ya baridi tangu ile miche itoke. Vyungu vyangu 37, ambavyo nimevilisha, nimevihamisha mara mbili, nimevikinga na mvua na jua: majani mazuri, hakuna tumba hata moja.

Jana nikaenda nyuma ya ukuta kutafuta kitu kingine. Kati ya ile 11 imebaki 9, na mmoja una matumba mawili yameinamia chini. Leo moja limefunguka. Nimelala kifudifudi kwenye tope kuliona maana linatazama ardhi. Waridi ya vumbi kwa nje. Ndani limenyunyiziwa vidoa vya rangi ya mvinyo, vimesongamana kuelekea katikati, na vijipembe vya nekta ni kijani kibichi. Vikonyo? Kijani kitupu, Chavua. Daftari lako liandike hilo.

Chavua

Nimesema si hati ya kiapo 😂 Hongera sana. Usilihukumu bado, ua la mwaka wa kwanza huwa dogo na rangi yake hutulia mwaka unaofuata. Na vyungu vyako usivitupe, mingi huchanua mwaka wa nne.

Mzee wa Vyungu

Tena hiyo ya chungu ipeleke ardhini, mkuu. Kivuli chepesi, mboji ya kutosha, maji yasituame. Miaka mitatu chunguni ni kifungo.

Msomaji Kimya

Ya droo yangu imetoa miche miwili. Nilikuwa nasubiri uanze wewe ndiyo niseme.

Bi Kitalu

Mashaallah. Tupia picha, wote wawili.

Jembe Butu

MREJESHO WA TANO

Nilifunga kifuko kwenye lile ua la ukutani na leo asubuhi maganda mawili yamepasuka. Mbegu 19. Ganda la tatu lilikuwa nje ya kifuko, nimekuta sisimizi wameshamaliza kazi.

Kumi nimezipanda palepale chini ya mti, sikungoja hata chai. Tisa nimezitia kwenye mchanga mbichi kwa ajili yako, Bi Kitalu, ziko kabatini kwenye joto. Niambie tu zikufikie kwa njia gani kabla baridi haijaingia.